Huyu Kijana Hana Hata Kuku

Hedaru, kwenye malori,
3 Septemba 1996.

Mpendwa dada yangu Rogathe,

Wakesho amevuka jana mchana pale mpakani Taveta, mtoto mgongoni, begi kichwani. Mimi nimebaki upande wetu nimeshika mwavuli wake. Tulisahau kupeana. Alipogeuka akaniona nao, akanionyesha kwa mkono kwamba niuache tu, na mimi nikamwonyesha kwa mkono kwamba sawa. Ndiyo maagano yetu hayo.

Naona nimeanza bila hata kukusalimia. Unisamehe, mkono umetangulia. Shikamoo dada. Hujambo na baridi ya huko Sumbawanga? Shemeji Nathanaeli kifua chake kimetulia? Na Kelvin, bado anakula udongo? Sisi huku tuna uzima. Mama mguu wake ni ule ule, asubuhi anatembea vizuri, jioni anaupandisha juu ya kigoda na kuusema kama mtu mkaidi. Mvua hakuna. Mahindi yetu ya Chome yamejikunja, ya tambarare hata kuota hayakuota.

Mimi sina maneno mengi, unanijua, na mwandiko wangu ni huu wa darasa la tano. Ila nataka hili ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mtu wa basi. Huku wanasema nimemrudisha mke wangu kwao. Sikumrudisha dada. Nilishindwa kumweka.

Wewe hujamwona Wakesho, maana harusi yetu ilikukuta umejifungua. Ni Mtaita, mtu wa Kenya. Nilimpata wakati napakia vitunguu kwenye malori yanayokwenda soko la Taveta. Alikuwa anauza chai pale kwa kaka yake Raymond. Nikawa kila siku ya soko nakaa nakunywa chai yake, sisemi kitu, namwangalia tu anavyomimina. Siku moja akaja akasimama mbele yangu mkono kiunoni. "Wewe kijana, hii chai yangu unainywa ama unaipeleleza?" Watu wote wakacheka. Ndio tukaanza hapo.

Wake wa kutoka Kenya huku milimani wako wengi, na hakuna anayewauliza kitu. Sasa Wakesho amesoma mpaka fomu foo, na kanisa letu lilikuwa linatafuta mwalimu wa chekechea. Mchungaji akasema kazi ni yako mama, leta tu kibali cha kuishi nchini. Alifurahi, dada. Akavaa gauni lake la bluu, tukashuka mpaka mjini, ofisi ya uhamiaji. Mimi moyoni nilikuwa nasema tungekaa hivi hivi kimya. Nilimwambia njiani. Akasema yeye hawezi kulea mtoto huku anachungulia mlangoni kila gari likipita.

Afisa aliyetupokea si mtu mbaya. Usije ukamlaumu. Alitupa viti, akamshika mtoto shavu, akasoma cheti cha ndoa akasema kiko sawa. Halafu akanigeukia mimi.

"Mgeni akikaa nchini kwa ajili ya mume, mume ndiye mdhamini wake. Na mdhamini lazima aonyeshe kipato. Wewe bwana unafanya kazi gani?"

Nikasema mkulima.

"Mkulima ni kila mtu. Nionyeshe."

Nimwonyeshe nini dada? Zamani baba akipeleka kahawa, chama cha ushirika kilikuwa kinampa stakabadhi. Zile stakabadhi ziko mpaka leo kwenye kopo la biskuti, lakini zina jina la baba, na baba hayupo. Siku hizi ni biashara huria, mnunuzi anapanda na gari lake na mizani yake, anapima, anakupa hela mkononi, kesho ukimwona njiani hakujui. Kazi ya kupakia malori ni vile vile. Hela napata, ila haiachi alama popote. Afisa akauliza kama nina kitabu cha benki. Wakesho akanitazama usoni akaanza kucheka, na mimi nikacheka kidogo.

Ndipo nikasema neno ambalo sijawahi kulisema mbele ya mtu. Nikasema nina ng'ombe.

Wakesho alinikanyaga mguu chini ya meza. "Una nini?" Miaka yote tuliyokaa anakunywa chai ya rangi nyumbani kwangu. Alikuwa hajui.

Wewe unajua baba alivyokuwa. Ng'ombe wake hakuna hata mmoja aliyelala kwetu. Wote aliwaweka kwa watu wamfugie, huyu huku, yule kule. Anayefuga anakunywa maziwa na kuchukua mbolea, ndama wanagawana kwa mapatano, na mwenye mali hatajwi mbele ya mtu. Mimi na wewe tumekua tunapita kwenye nyumba za watu, tunawaona wale ng'ombe, na hatujui kama ni wa kwetu, mpaka baba alipokuwa kitandani akatunong'oneza. Alisema mali ikionekana inaita macho ya watu na miguu ya watoza kodi. Sasa mimi pale ofisini nikamtaja Mzee Ebenezer, nikamtaja Mama Shedrack, nikamtaja Kassimu wa Hedaru. Kila jina nikilitoa najisikia navuliwa nguo.

Afisa akafurahi. "Vizuri sana. Nitakuja mwenyewe kuwaona hao ng'ombe, siku sikuambii. Na nikija utaongozana na mimi, ila hutasema hata neno moja. Watasema wenyewe. Nimechoka kuletewa mashahidi waliofundishwa." Nikaona ni haki. Nikafurahi hata, maana kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza.

Jioni nikamweleza mama. Alikuwa anasonga ugali, akaweka mwiko chini.

"Umewataja?"

"Nimewataja mama."

"Kwa majina yao?"

"Kwa majina yao."

Hakula siku ile. Akasema angalau niende nikawaambie wenyewe kabla mtu huyo hajafika. Nilifikiri kwenda, ila niliogopa afisa akijua nimewapanga atatunyima. Na nilijua Mzee Ebenezer ni mtu wa kweli, hajawahi kudhulumu mtu hata shina la mgomba. Nikasema akiulizwa ataeleza tu.

Afisa akaja na Landirova, amevaa shati jeupe, faili kwapani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika dada, na mimi sikuliona mapema. Tangu tukiwa wadogo, anayepanda Chome na shati jeupe na faili ni mtu wa kodi. Wewe unakumbuka jinsi watu walivyokuwa wanaingiza mbuzi chini ya kitanda.

Tulimkuta Mzee Ebenezer anamkatia ng'ombe vigogo vya migomba. Yule mwekundu, amenona kweli. Nikamwamkia, nikakaa pembeni. Afisa akaamkia pia, akauliza ng'ombe ni wa nani.

"Wa nani tena? Wa kwangu. Ningeweza ningesema nimemzaa mimi," akacheka.

"Na huyu kijana unamjua?"

"Fanueli? Namjua tangu yuko tumboni kwa mama yake."

"Ana mali gani?"

Dada, nililiona jicho la mzee. Lilitoka kwangu likaenda kwenye faili, likarudi kwangu, likakaa. Nikaona ameelewa, yaani amedhani ameelewa.

"Huyu? Bwana mkubwa, huyu kijana hana hata kuku. Huyu ni wa kuhurumiwa. Hilo shati unaloliona kavaa, mimi ndiye nimempa."

Shati nimelinunua mwenyewe kwenye mitumba hapa Hedaru.

"Baba yake hakuacha kitu?"

"Aliacha jembe bovu na deni la sukari. Sisi majirani ndio tunamlisha huyu. Muulize mkewe, hata maziwa ya chai hawana."

Hilo la maziwa lilikuwa kweli. Wakesho alikuwa amesimama mlangoni kwetu ng'ambo ya mfereji, anatuona lakini maneno hayasikii. Alikuwa anatabasamu, anadhani mambo yanakwenda. Na afisa alipoinama kuandika, mzee akanikonyeza.

Nilifungua mdomo. Afisa akanyanyua kidole bila kunitazama, nikaufunga. Na hata kama angeniruhusu, ningemwambiaje mzee wa kanisa kwenye uwanja wake kwamba umesema uongo?

Kwa Mama Shedrack ilikuwa haraka. Akasema ng'ombe ni wa marehemu mume wake Filipo, akajifuta machozi na kanga. Yale machozi ni ya kweli, maana akimtaja Filipo analia hata kanisani. Afisa akampa pole, akafunga faili. Tulipokuwa tunaondoka yule mama akanivuta mkono, akaniambia kwa Kipare, "Usiogope mwanangu, sijakutaja." Akaniwekea ndizi mbivu mfukoni.

Tukashuka na Landirova mpaka huku tambarare kwa Kassimu. Unajua njia ya gari inazunguka, ya miguu inakata moja kwa moja. Mzee Ebenezer alikuwa ameshatuma habari kwamba kuna mtu anahesabu ng'ombe. Tukakuta boma tupu. Mavi bado yanatoa moshi. Kassimu mwenyewe hayupo, yuko mkewe Shamimu amekaa anachagua mchele.

"Ng'ombe? Sisi hatufugi, mume wangu maziwa yanamsokota tumbo."

"Na hili boma?"

"Tulilikuta."

Ndama akalia kule vichakani. Analia kweli kweli, anamwita mama yake.

"Na huyo?"

"Wa jirani."

"Jirani yuko wapi?"

"Kahama."

Afisa akakaa ndani ya gari, mlango wazi, mguu mmoja nje. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope. Akaniuliza taratibu, hakupaza sauti. "Bwana Fanueli, nyumba zote ulizonipeleka wamekukana. Sasa unaweza kusema. Niambie hii ni kitu gani?"

Nilikuwa na maneno tangu asubuhi, nimeyapanga. Yote yakapotea. Nikasema, "Wananipenda."

Alinitazama kama mtu anayetaka kunigusa paji la uso aone kama nina homa. Akaandika kwamba mdhamini hana kipato.

Niliporudi Wakesho alikuwa amepika makande na kuyatilia nazi, ameitoa wapi sijui. Alikuwa amemwogesha mtoto. Aliniona tu uso, akachukua sahani yangu akaifunika.

Kesho yake nikawaambia wote. Kassimu alipiga magoti hapo hapo barabarani watu wakaona, nikamvuta ainuke. Mzee Ebenezer yeye aliweka panga chini. Aliingia ndani, akatoka na koti lake la Krismasi, akasema twende. Tukashuka naye mpaka ofisini, umri wake ule.

Akamwambia afisa, "Ng'ombe ni wake. Mimi namfugia tu, na kabla yake nilimfugia baba yake."

"Basi mzee, jana ulinidanganya."

"Sikukudanganya. Nilikuwa nalinda mali ya mtoto."

"Unailinda isichukuliwe na nani?"

"Na wewe."

Afisa alicheka, lakini hakikuwa kicheko cha kufurahi. "Sasa mzee nisaidie. Maneno yako sasa ni mawili kwenye faili. Niandike lipi?" Mzee akavua kofia akaishika. Halafu afisa akasema haya, tuchukue kwamba ng'ombe ni wake kweli. Akaniuliza, maziwa anakunywa nani? Nikasema anayefuga. Mbolea? Anayefuga. Ndama wa mwisho alikwenda wapi? Nikasema Mzee Ebenezer alimwuza alipofiwa, baba alimruhusu. "Wewe mwenyewe unapata nini?"

Nikasema ni akiba.

"Akiba ya nini?"

Nikaitazama ile kofia mkononi mwa mzee, dada. Nimelifikiria lile swali kila siku. Ng'ombe wote wale wana pumzi na pembe, na mimi mwenye nao nakunywa chai ya rangi, na mke wangu anaambiwa hana wa kumtunza. Nikasema labda baba alikosea. Halafu nikaogopa kusema hivyo, hata moyoni.

Afisa akatuonea huruma. Akasema rudisha hata ng'ombe mmoja nyumbani, maziwa uwauzie wenye hoteli, mtendaji wa kijiji aandike barua kwamba anaona unauza, mimi nitaliangalia upya ombi lako kabla muda wa mkeo haujaisha. Mwisho wa Agosti.

Wa Mzee Ebenezer alikuwa amekauka maziwa. Wa Kassimu ni wa kienyeji, maziwa yao yanatosha ndama wao tu. Mwenye maziwa ya kuuza ni yule wa Mama Shedrack.

Nikaenda asubuhi na kamba. Sikulala vizuri, nikafika mapema kabla hajakamua. Mama Shedrack aliiona kamba mkononi mwangu, akajua. Akasema, "Subiri nimkamue mwanangu, usitembee naye amejaa." Akakamua. Watoto wakatoka mmoja mmoja na vikombe vyao, wakasimama kwa mstari kama wanavyosimama kila asubuhi. Huyu mkubwa Shedrack amejishikia kikombe cha mdogo wake. Maziwa yakagawanywa, na mimi nikapewa kikombe. Ndio mara ya kwanza katika maisha yangu nimekunywa maziwa ya ng'ombe wangu. Yalikuwa ya moto.

Halafu yule mama akafungua ng'ombe mwenyewe, akaniwekea kamba mkononi. "Ni wako. Amenisaidia sana. Tangu Filipo aondoke watoto hawa hawajalala njaa." Alikuwa anasema huku anampapasa yule ng'ombe shingoni, na hakulia. Ningemwona analia labda ningeondoka na ng'ombe, maana kulia kwake nimekuzoea.

Nilimfunga tena mahali pake. Nikarudi na kamba.

Nilidhani Wakesho atanitukana, na alikuwa na haki. Nilimwambia nimeshindwa. Akaniuliza vile vikombe vilikuwa vya bati au vya plastiki. Nikasema vya bati. Akasema, "Basi hapo sawa. Mimi siwezi kukaa nchi ya watu kwa kikombe nilichompokonya mtoto." Halafu akaenda nyuma ya nyumba, na huko ndiko alikolia, nilimsikia.

Utasema kwa nini nisimfuate Taveta. Mama utamwachia nani dada? Wewe uko Sumbawanga. Na kule kwa Raymond wana chumba kimoja, mwenyewe analala kwenye benchi la hoteli yake, na kule mimi ndiye nitakayekuwa mgeni, na Wakesho ndiye atakayeulizwa ana nini. Wakesho mwenyewe alikataa. Alisema mmoja wetu akifukuzwa inatosha.

Siku ya kuondoka mama alimfunga mtoto kitambaa cha mkononi, akamwita kwa jina la bibi, Eliaichi, ambalo sisi tumezoea kulifupisha. Alimwita jina zima. Halafu akaingia ndani akafunga mlango, hakutaka kuwaona wanaondoka. Mzee Ebenezer alikuja na chupa ya chai yenye maziwa, sijui ameyatoa wapi, akamwekea Wakesho kwenye begi. Hakuweza kumtazama. Wakesho akamwambia, "Baba, usijali, ulikuwa unatulinda." Ungemwona yule mzee dada. Aligeuka akaenda kusimama kule kwenye migomba yake, mpaka tunapotea alikuwa amesimama hapo.

Sasa nimefika hapa Hedaru, nimelala kwenye baraza la duka. Nimesikia shamba la mkonge limepata mwenyewe mpya na linaandikisha wakataji. Kazi ni ngumu, watu wanatoka mbali wanaikimbilia, na wa kwetu milimani hawaitaki, najua watasema mtoto wa Chome amekwisha. Lakini kule kila mwisho wa mwezi mtu anapewa karatasi yenye jina lake na mshahara wake. Afisa alisema nikimletea karatasi hizo za nusu mwaka, ombi linaanza upya. Nusu mwaka. Mtoto atakuwa anatembea, na atakuwa ananikimbia kama mgeni.

Sina tumaini kubwa dada, nisikufiche. Wanasema miiba ya mkonge inatoboa viatu na watu wanatoroka kabla ya mwezi. Na Wakesho ni mzuri, na kule kwenye chai wanakuja wanaume wanaojua kuongea.

Leo alfajiri karani wa shamba alikuwa anatuandikisha hapa kwenye lori. Hawataki watu wenye mifugo, maana mvua ikinyesha wanakimbilia makwao. Akaniuliza, "Nyumbani una ng'ombe?"

Nikasema, "Mimi? Sina hata kuku."

Lilitoka haraka, sikulitafuta. Na nilimwangalia machoni kabisa, vile Mzee Ebenezer alivyomwangalia yule afisa. Baadaye nimekaa hapa kwenye gunia na barua hii, nimecheka peke yangu mpaka mtu akanisogelea kuniuliza kama niko sawa.

Usitume hela. Ila ukiweza kuja hata mara moja kabla ya Krismasi umwone mama, njoo. Na ukija usimwulize Mzee Ebenezer habari za ng'ombe mbele ya watu. Ukimwuliza mbele ya watu, atakuambia baba yetu aliacha jembe bovu. Msubiri mwende wawili shambani, hapo atakuambia wote, na rangi zao, na nani alizaliwa na nani. Mimi nisipokuwepo, wewe ndiye utakayekuwa unajua.

Msalimie sana shemeji Nathanaeli, mwambie ile tochi yake bado naitunza. Mbusu Kelvin na yule mdogo ambaye sijamwona. Mama Shedrack anakusalimu, na Kassimu na Shamimu, bado wana aibu. Mwavuli wa Wakesho nimemwachia Shamimu auweke mahali pakavu. Mungu aliyemwongoza baba awafunike na ninyi huko mliko, na kama ana nafasi atazame na Taveta.

Barua nampa konda wa basi aitie posta. Sasa naondoka dada, injini inawaka na karani ameanza kuita majina. Asiyekuwa ndani ya lori jina lake likiitwa, nafasi yake anapewa mwingine, na mimi ile karatasi naitaka. Ameniita.

Mdogo wako akupendaye daima,
Fanueli